Ubunifu Darasani (2): Kuchagua Wazo si Kupiga Kura

Wiki iliyopita tuliwaacha wanafunzi na michoro yao ya jiko la mkaa mezani. Sasa ni kuamua upi utengenezwe, na hapa ndipo walimu wengi tunapoharakisha: tunawaambia wapige kura. Kura humpa ushindi mwenye sauti kubwa, au mchoro uliopakwa rangi vizuri, na darasa linatoka bila kujifunza lolote kuhusu jiko.

Stuart Pugh, mhandisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, alituachia njia bora. Chora jedwali: juu mawazo, pembeni vigezo. Teua kifaa kinachojulikana kiwe msingi wa kulinganishia, tuseme jiko la bati tupu la sokoni. Kila wazo lipimwe nalo: likilizidi, weka alama ya kujumlisha, likizidiwa, ya kutoa, vikilingana, andika "sawa".

Vigezo viandikwe kabla ubishi haujaanza, na viwe vya kupimika. "Jiko zuri" si kigezo. "Sufuria haiyumbi mpishi anaposonga ugali" ni kigezo kamili. Kijaribiwe palepale kwa mwiko.

Wanafunzi watakimbilia kujumlisha alama ili wamtangaze mshindi. Wazuie. Faida nne ndogo hazifuti hatari moja ya kuunguza mtoto. Isitoshe, utamu wa jedwali uko kwenye alama za kutoa, kwani kila moja inauliza: kasoro hii itarekebishwaje, na wazo la jirani lina dawa gani?

Jiko la Kenya la bati na udongo, lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni ushahidi mzuri. Wabunifu walianzia kwenye jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo wa kuchomwa toka juu hadi chini. Udongo ulitunza joto, lakini uzito ulikuwa mkubwa. Hawakulitupa wazo hilo. Waliubakiza udongo sehemu ya juu tu, panapokaa mkaa, wakalipa bati umbo lenye kiuno na kitako kipana ili lisipinduke. Mafundi wa jua kali waliweza kulikata na kulikunja kwa zana zao wenyewe.

Mwalimu mwenzangu, lifanyie jedwali duru ya pili baada ya marekebisho, na usipokee alama yoyote ambayo mwanafunzi hawezi kuieleza sababu yake mbele ya wenzake. Wiki ijayo tutapima muda wa kuchemsha maji.