Kiwambo kinapokataa kufunguka, usiwafungulie wote

MWANAFUNZI wa uhandisi aliyeko Marani, Kaunti ya Kisii, hahitaji tena kumiliki tarakilishi ya bei ghali ili kuchora daraja. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti nchini Kenya ilianza kupata kasi, na sasa kipakatalishi cha kawaida chenye mfumo wa Linux kinatosha kuendeshea tarakilishi kubwa ya chuo iliyoko mbali. Hata hivyo, kazi hukwama mara nyingi kwa ujumbe mmoja: kiwambo hakiwezi kufunguliwa.

Wengi huulaumu mtandao, kumbe mtandao ndio ulioufikisha ujumbe huo. Kisa chenyewe ni ruhusa.

Mfumo wa kuonyesha picha uitwao X, uliobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka wa 1984, huchukulia kiwambo kuwa mwenyeji na programu kuwa mgeni, hata kama mgeni huyo anaishi katika tarakilishi kubwa zaidi. Mpangilio huu huwatatiza hata mafundi. Mgeni hukwama kwa sababu mbili: ama hajui nyumba iko wapi, ama anaijua lakini hana kitambulisho.

Anwani ya nyumba hutunzwa katika kigezo kiitwacho DISPLAY. Kikiwa kitupu, huenda mwanafunzi aliingia kwa amri ya ssh akasahau kuongeza -X. Asikijaze kwa mkono. Atoke, aingie upya ipasavyo, na ssh itakijaza yenyewe.

Kitambulisho nacho ni siri iliyo katika faili ya .Xauthority ya mtumiaji mwenyewe. Anayejigeuza msimamizi kwa sudo au su huipeleka programu kutafuta siri hiyo katika makao ya mtu mwingine. Aiendeshe kwa jina lake.

Hapa ndipo wengi hupotoshwa. Huambiwa waandike xhost +, na kweli kiwambo hufunguka papo hapo. Lakini amri hiyo huondoa ukaguzi wote. Katika tarakilishi inayotumiwa na watu wengi, mwingine anaweza kunasa kila herufi inayobofywa, nywila ya benki ikiwemo. Aliyekwisha kuiandika aandike xhost - mara moja. Akilazimika kumruhusu mtumiaji mmoja wa tarakilishi hiyohiyo, aandike xhost +si:localuser: akifuatisha jina lake bila nafasi.

Michoro ya pande tatu inayotumia VirtualGL ina lango jingine, kwa kuwa huchorwa kwa kadi ya picha ya seva. Msimamizi anaweza kuwaruhusu wanachama wa kundi la vglusers pekee. Mwanafunzi hawezi kujiongeza humo. Amwandikie msimamizi, akinakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno. Akishaongezwa, atoke kabisa na kuingia upya, maana uanachama huo hautambuliwi kabla ya hapo.