Leseni za magobore zifuatwe vijijini





Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni nzuri. Hakuna mzazi apendaye silaha holela kijijini. Kila mwenye silaha lazima awe na leseni yake mwenyewe. Anayerithi gobore la baba yake harithi leseni.

Lakini kijijini kwetu mkulima mmoja aliyesalimisha gobore la urithi amekwenda mara tatu kufuata leseni, na kila mara huambiwa "njoo kesho". Nauli imemwishia, na nguruwe pori wanamaliza mihogo. Watoto wake wawili, wanafunzi wangu, hukesha shambani wakipiga madebe. Asubuhi hawaonekani darasani.

Umoja wa Afrika umeufanya kila mwezi wa Septemba, hadi mwaka 2030, kuwa wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu. Je, wahusika hawawezi kuutumia mwezi huo kuzunguka vijijini wakipokea pia maombi ya leseni? Mkulima asiposumbuliwa, hataficha gobore darini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Morogoro.