MZEITUNI NA KIDUDU CHA MAPOVU

Ndugu mkulima, leo tunatoka nje ya mipaka yetu, tunakwenda kusini mwa Italia, kwenye rasi iitwayo Salento. Ukiitazama Italia katika ramani utaona ina umbo la mguu uliovaa buti. Basi Salento ndiyo kisigino. Upande mmoja ipo Bahari ya Adriatic, upande wa pili Bahari ya Ionian, na zote mbili ni sehemu ya Mediterania.

Kwanza tuelewe mvua ya huko. Kwa mwaka hupata kiasi cha milimita 600, lakini sehemu kubwa hunyesha wakati wa baridi. Joto likishafika, Juni mpaka Agosti, mvua ni haba sana. Yaani mmea unapokuwa na kiu zaidi ndipo maji yanapokosekana. Tena hakuna mto mkubwa: chini ni mwamba wa chokaa wenye nyufa, udongo mwekundu juu yake ni mwembamba, na maji hudidimia. Mawe yaliyookotwa mashambani wakulima waliyajengea kuta bila saruji, na humo hujificha mijusi, nyoka na kalunguyeye.

Mti unaoyaweza maisha hayo ni mzeituni. Jani lake ni dogo na gumu, na chini yake kuna vinyweleo vya rangi ya fedha vinavyopunguza kupotea kwa maji. Ipo mizeituni Salento yenye mamia ya miaka, shina limejisokota kama kamba.

Sasa sikiliza. Mwaka 2013, karibu na mji wa Gallipoli, iligunduliwa sababu ya mizeituni kukauka kuanzia ncha za matawi, kama iliyobabuliwa na moto. Ni bakteria iitwayo Xylella fastidiosa. Hukaa ndani ya mishipa inayopandisha maji, ikaongezeka mpaka mishipa ikaziba. Mti hufa kwa kiu hata kama mizizi iko kwenye unyevu.

Utaniuliza, ilifikaje? Wataalamu waliona kuwa ni aina ileile iliyopatikana Costa Rica, na wanadhani iliingia na miche ya kahawa iliyoletwa kuwa mapambo tu. Mkulima wa kahawa, hapo nadhani umetega sikio.

Anayeieneza ni mdudu mdogo arukaye. Majira ya kuchipua, mtoto wake hukaa kwenye magugu ndani ya povu jeupe, kama mate. Kufika Mei hivi huwa amekomaa, hupanda mizeituni, hufyonza mti mgonjwa, kisha huhamia mzima.

Serikali iliamuru miti ikatwe, hata mingine iliyoonekana mizima kando ya ile migonjwa. Wenye mashamba wakakataa. Na wewe ungekubali kwa urahisi kukata mti aliokuachia babu wa babu yako? Desemba 2015 waendesha mashtaka wa mji wa Lecce walisimamisha ukataji, wakawachunguza hata wanasayansi wenyewe. Shauri hilo lilifungwa mwaka 2019 bila kesi kusikilizwa. Lakini ugonjwa haukungoja. Ulizidi kusonga kaskazini, na miti iliyoathirika ni mamilioni. Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na uchungu wa kweli, ila mdudu ndiye aliyefaidi ule muda.

Dawa ya kuuponya kabisa mti ulioambukizwa haipo mpaka leo. Kinachofanyika ni kulima au kufyeka magugu Machi na Aprili, wakati mtoto wa mdudu yungali ndani ya povu na hawezi kuruka. Ukichelewa mpaka Juni, umefyeka majani matupu, mwenyewe keshapanda juu.

La pili ni aina ya mti. Cellina di Nardò na Ogliarola, mizeituni ya wazee wa huko, hukauka vibaya. Leccino na ile iitwayo FS-17 huambukizwa pia, ila bakteria haziongezeki sana ndani yake, na mti huendelea kuzaa. Basi watu hupanda hizo, na wengine hubebesha vikonyo vyake juu ya mashina ya zamani ili kuyaokoa. Lakini aliyepanda Leccino naye hulima magugu yake kila mwaka, maana mti huo ukiwa na bakteria, mdudu aweza kuzichukua humo akampelekea jirani.