Nani Huhesabiwa Mwanachama? Kupungua kwa Wanachama wa Vyama vya Siasa Barani Ulaya

Katika Kiswahili cha kawaida, mwenye kadi, mlipa ada na mkereketwa asiye na kadi wote huweza kuitwa wanachama. Takwimu za Ulaya hulitumia neno hilo kwa maana finyu zaidi, na maana yenyewe imebadilika kadiri miaka ilivyopita. Kwa hiyo, anayelinganisha idadi za zamani na za sasa hana budi kwanza kuuliza ni nani aliyehesabiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, chama cha Conservative cha Uingereza kilidai kuwa na wanachama takribani milioni 2.8. Dai hilo lapasa kupokelewa kwa tahadhari. Hadi mwaka 1998 chama hakikuwa na uanachama wa kitaifa. Watu walijiunga na matawi ya majimboni, nayo matawi yalikuwa mahali pa dansi na karamu sawa na yalivyokuwa mahali pa siasa. Jumuiya ya vijana ya chama hicho ilisifika hata kwa kukutanisha wachumba. Upande wa Labour, mamilioni walihesabiwa kupitia vyama vyao vya wafanyakazi. Hata hivyo, utata wa hesabu hauondoi mporomoko wenyewe. Chama cha SPD cha Ujerumani, ambacho daftari lake ni la kuaminika zaidi, kilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 1 katikati ya miaka ya 1970; mwishoni mwa 2022 walikuwa chini ya 400,000. Van Biezen, Mair na Poguntke, katika utafiti wao wa 2012 kuhusu nchi 27, walikuta wastani wa wanachama ni asilimia 4.7 tu ya wapigakura.

Sababu zinafahamika: kulegea kwa vyama vya wafanyakazi na makanisa, televisheni kuchukua nafasi ya mjumbe wa mtaa, na ruzuku ya serikali kuchukua nafasi ya ada. Katz na Mair walieleza mwaka 1995 jinsi vyama vinavyoisogelea dola kadiri vinavyojitenga na jamii. Hoja ya ruzuku, hata hivyo, isichukuliwe jumlajumla. Sheria ya Ujerumani hukiongezea chama senti 45 kwa kila euro 1 ya ada au mchango mdogo, yaani hukituza kwa kuwa na watu. Watu wakaendelea kupungua.

Jambo lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba wanachama wamepewa mamlaka makubwa zaidi wakati uleule wanapopungua. Mwaka 2022 wabunge wa Conservative, katika duru yao ya mwisho, walimpa Rishi Sunak kura 137 na Liz Truss 113. Wanachama, ambao wenye haki ya kupiga kura walikuwa takribani 172,000, waliupindua mpangilio huo: Truss 81,326, Sunak 60,399. Hivyo watu wasiofikia nusu ya asilimia 1 ya wapigakura wa nchi walichagua waziri mkuu. Truss alipojiuzulu kabla ya kutimiza miezi miwili, liliwekwa sharti la kila mgombea kuungwa mkono na wabunge 100. Likabaki jina moja, na wanachama hawakupiga kura. Nchini Ujerumani, mwaka 2018, serikali ya muungano ilisubiri kura ya wanachama wa SPD wapatao 463,000, na takribani theluthi mbili ya waliopiga kura waliikubali.

Uholanzi imefika mbali zaidi. Chama cha PVV kilichoongoza uchaguzi wa 2023 kwa viti 37 kati ya 150 hakikuwa na uanachama ulio wazi kwa raia. Mtu pekee aliyekuwa mwanachama wake ni kiongozi wake, Geert Wilders. Waliokipigia kura walikuwa zaidi ya milioni 2, na hapakuwa na mkutano mkuu ambao hata mmoja wao angeweza kusimama na kupinga jina lililowekwa kwenye orodha ya wagombea.