Kavera na Chupa: Namna Mzamiaji Anavyotulia Katikati ya Maji (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliliacha dumu letu la njano likielea kando ya Ziwa Nakivale, tukiwa tumekubaliana na Archimedes kwamba maji hukisukuma juu kitu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza. Tangu hapo kijana mmoja wa hapa kambini Nakivale, anayesoma Mbarara, ameniuliza: ikiwa kitu huelea au huzama, mbona wazamiaji wa Pemba na Mafia hutulia katikati ya maji kama samaki?

Siri iko kwenye hewa. Jaza hewa kavera, yaani mfuko wa plastiki, uifunge barabara. Chukua na chupa tupu ya soda, ile ya kioo, uizibe. Zote mbili zitaelea. Sasa zishushe kwenye maji. Chupa inabaki vilevile, lakini kavera inanywea, na kadiri inavyonywea ndivyo maji yanavyopungukiwa na nguvu ya kuisukuma juu. Robert Boyle alieleza jambo hili mwaka 1662: mgandamizo ukiwa mara mbili, hewa hubaki nusu. Baharini hilo hutokea kwenye mita 10. Ziwa letu lina kina cha mita chache tu, lakini hata mita 3 zinatosha kuipunguza kavera karibu robo.

Samaki anayo kavera yake, nayo ni bondo. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanalijua vizuri, maana mabondo ya sangara huuzwa kwa bei kubwa hadi China. Samaki kama sangara huongeza na kupunguza hewa ya bondo taratibu, kwa njia ya damu. Ndiyo sababu sangara anayevutwa haraka kutoka kilindini hufika juu akiwa amefura tumbo.

Mzamiaji hana bondo. Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza kifaa chao cha kupumulia chini ya maji mwaka 1943, mzamiaji alitegemea mkanda wa vipande vizito vya madini ya risasi na pumzi zake. Mfaransa Maurice Fenzy akaleta fulana ya kujazwa hewa mwaka 1961, na kutoka hapo likazaliwa jaketi wanalovaa wazamiaji leo: kitufe kimoja cha kutia hewa kutoka mtungini, kingine cha kuitoa.

Jaketi hilo limeokoa watu wengi, nami naliheshimu. Hata hivyo lina kasoro ya kimaumbile, kwa sababu ni kavera. Mzamiaji akiteleza chini kidogo, hewa inanywea, anakuwa mzito, anazidi kushuka. Akipanda kidogo, hewa inatanuka, inamvuta juu, na kadiri anavyopanda ndivyo inavyozidi kumvuta. Asiyewahi kuitoa hufyatuka hadi juu, na kupanda kwa kasi kunaweza kumpasua mapafu. Isitoshe, hewa ina uzito. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi mgandamizo wa bar 200 hubeba takriban lita 2,400 za hewa, karibu kilo 3. Mzamiaji huzipumua, kwa hiyo mwisho wa safari ni mwepesi kuliko alivyoanza.

Hapo ndipo teknolojia mpya inapoingia. Mfumo uitwao Avelo umeacha kavera ukafuata chupa. Mtungi wake ni mgumu, na ndani yake hewa ya kupumua imetenganishwa na nafasi ya maji. Mzamiaji akitaka kuwa mzito, pampu ya umeme inasukuma maji ndani ya mtungi. Akitaka kuwa mwepesi, anayatoa. Kwa kuwa mtungi haunywei wala hautanuki, hali aliyoiweka kwenye mita 5 haitabadilika sana kwenye mita 20. Na kadiri anavyopumua hewa, hufidia uzito uliopotea kwa maji.

Kifizikia, naona hoja hii haina doa. Mtafiti anayehesabu samaki juu ya matumbawe ya Mnemba, asiyetaka mapezi yake yavunje kitu kilichokua kwa miaka mingi, atafaidika nayo. Lakini pampu inahitaji betri, mtungi ni wa aina yake, na fundi wa kuurekebisha hapatikani kila bandari. Tena juu ya maji, penye mawimbi, mzamiaji bado anahitaji mfuko wa hewa wa kuinua kichwa chake.

Kwa mwanafunzi na kwa vikosi vya uokoaji vya maziwa yetu, ningeanza na jambo la bei nafuu zaidi, yaani kupima risasi. Wanaoanza hubeba risasi nyingi mno, kisha hujaza jaketi hewa nyingi kuufidia uzito huo, na hewa nyingi ndiyo inayoyumba. Mwenye ujazo wa lita 100, akitoka bahari ya Pemba kwenda maji baridi ya Tanganyika, apunguze kama kilo 2 na nusu, kwa sababu maji ya chumvi husukuma zaidi.

Sisi wa bara tusidhani haya ni ya watalii. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na kwa saa kadhaa ilielea kifudifudi kwa hewa iliyonaswa ndani. Ilielezwa kwamba bamba lilipotobolewa ili kuwatoa walionaswa, hewa ile ilitoka na meli ikazama. Mamia ya watu walikufa.

Msomaji, jaribu kavera na chupa kwenye beseni au pipa nyumbani, si ziwani, kwani viboko na mamba wamo. Juma lijalo tutaangalia mapafu, na kwa nini mzamiaji haruhusiwi kuzuia pumzi anapopanda.