Kujuana kwa Mbali na Habari za Kazi

Katika miji na vijiji vya Afrika ya Mashariki neno "kujuana" limepata sifa mbaya. Mtu akikosa kazi aliyoistahili, husemwa kwamba walioipata ni wale wanaojuana na wakubwa. Malalamiko hayo yana msingi wake, na upendeleo ni kosa popote ulipo. Hata hivyo iko namna nyingine ya kujuana isiyohusu upendeleo hata kidogo, nayo imekuwa ikichunguzwa na wataalamu wa elimujamii kwa zaidi ya miaka 50. Hiyo ni kujuana kunakopitisha habari. Mtu hawezi kuomba kazi asiyojua kwamba ipo. Na kijana aliyezaliwa katika nyumba ya mkulima, mbali na maofisi na maabara, hukosa habari hizo mapema kuliko anavyokosa kitu kingine chochote. Mitandao ya wanataaluma katika intaneti, ambayo LinkedIn iliyofunguliwa mwaka 2003 ndiyo mashuhuri kuliko yote, imejengwa juu ya jambo hilo hilo.

Mwaka 1973 mwanaelimujamii wa Kimarekani, Mark Granovetter, alitoa makala katika jarida la American Journal of Sociology. Alikuwa amewahoji watu wenye taaluma waliokuwa wamebadili kazi karibuni katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts. Wale waliosema kwamba habari ya kazi waliipata kwa mtu fulani, aliwauliza walikuwa wakionana naye mara ngapi siku hizo. Majibu yalikuwa kinyume cha matarajio ya wengi. Kati ya watu 54, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, yaani mara mbili au zaidi kwa juma. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara chache, na asilimia 27.8 walikuwa wakionana naye mara moja kwa mwaka au hata pungufu. Ndugu na marafiki wa karibu, ambao bila shaka ndio wenye hamu kubwa ya kumsaidia mtu, hawakuwa ndio walioleta habari nyingi. Walioleta habari ni watu wa kujuana kwa mbali: mwenzi wa zamani wa kazini, mtu aliyesoma naye miaka iliyopita, jamaa aliyekutana naye kwa bahati tu.

Sababu yake si ngumu kufahamika, na mwalimu wa hisabati anaweza kuionyesha ubaoni. Chukua darasa la wanafunzi 40 wanaojuana wote. Idadi ya jozi za watu wanaojuana ni 40 mara 39, gawanya kwa 2, yaani 780. Viungo 780 ni vingi sana, lakini habari ipitayo ndani yake ni ile ile. Anachokijua mmoja saa nne asubuhi, wote wamekwisha kukijua kabla ya chakula cha mchana. Sasa tuseme mwanafunzi mmoja ana binamu wa mbali katika chuo cha ufundi cha mkoa mwingine. Kiungo hicho kimoja, hata kama wanaandikiana mara moja kwa mwaka, huleta darasani mambo ambayo viungo vyote 780 haviwezi kuyaleta. Wataalamu hukiita kiungo cha namna hiyo daraja, kwa kuwa kikikatwa makundi mawili hutengana kabisa.

Granovetter alikwenda mbele zaidi. Alieleza kwamba kiungo imara ni nadra kuwa daraja. Tuseme A ni rafiki mkubwa wa B, na pia ni rafiki mkubwa wa C. Kwa kuwa A hutumia muda mwingi na wote wawili, upo uwezekano mkubwa kwamba B na C watakutana nyumbani kwake na kufahamiana. Pembetatu hujifunga. Pembetatu ikiisha kujifunga, kiungo cha A na B si njia pekee tena, maana habari yaweza kupitia kwa C. Basi madaraja, kwa sehemu kubwa, hubaki kuwa yale mahusiano hafifu ambayo hayajavuta watu wengine kukutana.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, lakini ushahidi wake ulikuwa mdogo: watu wachache, wa mji mmoja, wa tabaka moja. Zaidi ya hayo, kuona kwamba waliopata kazi walikuwa na mahusiano hafifu si kuthibitisha kwamba mahusiano hayo ndiyo yaliyowapatia kazi. Huenda watu hodari hupata kazi kwa urahisi, na watu hao hao hufahamiana na wengi. Ili kutenganisha sababu na sadfa, sayansi hudai jaribio.

Jaribio lilipatikana baada ya karibu nusu karne. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliofanywa ndani ya LinkedIn kati ya miaka 2015 na 2019, ukahusu watu zaidi ya milioni 20. Mtandao huo una kawaida ya kumpendekezea mtumiaji majina ya watu ambao huenda anawafahamu. Katika uchunguzi huo watumiaji waligawanywa kwa kura, kama vile mtafiti wa kilimo anavyogawanya vitalu vya mahindi. Wengine wakapewa mapendekezo mengi zaidi ya watu wa mbali, wengine ya watu wa karibu. Kisha ikatazamwa nani alihamia kazi mpya. Nguvu ya kiungo ilipimwa kwa idadi ya marafiki ambao watu wawili wanashiriki.

Matokeo yalimthibitisha Granovetter, ila si moja kwa moja. Mahusiano yaliyosaidia zaidi hayakuwa yale hafifu kupita kiasi, bali yale ya katikati, ambapo watu wawili wana marafiki wa pamoja wapatao 10 hivi. Kwenye grafu mchoro wake hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Aidha, mahusiano hafifu yalifaa zaidi katika kazi zinazotegemea sana kompyuta, ilhali katika kazi zisizozitegemea sana mahusiano imara ndiyo yaliyosaidia. Jambo hili la pili lisipitwe haraka na wasomaji wa hapa kwetu, maana fundi seremala au mwashi bado hupata kazi kwa mteja anayemsifu kwa jirani, na hakuna mtambo uliobadili hilo.

Ni haki pia kusema kwamba watu hao milioni 20 hawakuarifiwa mmoja mmoja kuwa wamo katika jaribio. Kampuni ilitegemea masharti ya jumla ambayo kila mtumiaji huyakubali anapojiunga, na ambayo ni wachache huyasoma. Jambo lililogusa riziki za watu lilistahili uangalifu mkubwa zaidi.

Je, mtu huonekanaje katika mtandao kama huo? Mashine haimjui mtu; inayajua maneno aliyoyaandika. Kila neno huwekwa katika faharasa, sawa na ile iliyo mwishoni mwa kitabu, na mwajiri anapotafuta, mashine hufungua faharasa na kutoa majina yaliyo chini ya neno hilo. Kwa hiyo anayejieleza kuwa "mchapakazi mwenye ari" hajaandika kitu, maana hakuna mwajiri atafutaye neno "ari". Lakini aliyeandika kwamba amepima chumvichumvi katika maji ya visima, au amefunga nyaya za umeme wa jua katika zahanati, au amefundisha fizikia kidato cha tatu, ameingia katika faharasa mahali panapofaa. Maelezo yawe ya kweli: mashine haichunguzi uongo, lakini wenzi wa zamani wa kazini husoma ukurasa huo huo. Wale watakaofanya utafiti wana chombo kingine, ORCID, kilichoanza mwaka 2012. Hicho humpa kila mtafiti namba ya alama 16, ili kazi zake zisichanganyike na za mtu mwingine mwenye jina kama lake.

Wapo wadanganyifu pia. Mtu asiyejulikana anayeahidi kazi ya ng'ambo, kisha akaomba ada ya fomu au ya kipimo cha afya kabla ya usaili wowote, aachwe mara moja. Namba ya kitambulisho, tarehe kamili ya kuzaliwa na anwani ya nyumbani zisiwekwe hadharani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo sheria haiwezi kuirudisha taarifa iliyokwisha kunakiliwa.

LinkedIn haimpokei mtu aliye chini ya umri wa miaka 16, lakini somo lenyewe halihitaji kompyuta. Mwalimu anaweza kumwagiza kila mwanafunzi aandike, bila majina, fani za watu wazima 10 anaowafahamu na wilaya wanakofanya kazi. Karatasi zote zikibandikwa ukutani, darasa lihesabu fani ngapi zimejirudia na ngapi zimetajwa na mwanafunzi mmoja tu. Hizo za mwisho ndizo madaraja ya darasa hilo, na mara nyingi mwenye daraja hakuwa amefikiri kwamba yule mjomba wa Mpanda anayetengeneza mashine za kusagia nafaka angeweza kuulizwa jambo lolote.