Majina ya Vyombo vya Nyumbani katika Maabara

Chombo kikihama jikoni kwenda maabara, jina lake hukifuata. Jambo hili lawahusu walimu wa lugha sawa na walimu wa kemia, hasa katika shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu miaka ya 2000, Rungwe na kwingineko, ambako fedha ya vyombo ni haba. Chupa ya jemu hushika mahali pa bika. Chupa ya plastiki hukatwa shingo ikawa faneli.

Akiba hiyo ni ya kweli, lakini ina mipaka. Kioo cha kawaida hutanuka karibu mara tatu kuliko kioo cha maabara kinachohimili moto; basi chupa ya jemu ni ya kuchanganyia, si ya kuchemshia. Kopo la bati huliwa na asidi, na sufuria ya alumini huliwa na kostiki soda. Tukuyu, penye mvua nyingi, pana taabu ya ziada: kostiki soda hunyonya unyevu wa hewa hata ikayeyuka, na chombo kisicho na kizibo cha kubana hakifai, kiwe cha bure namna gani.

Hatari kubwa zaidi imo katika maneno. Kihusishi "-a" hakitenganishi kazi ya chombo na kitu kilichomo. "Chupa ya soda" ni chupa iliyotengenezewa soda, au ni chupa yenye soda sasa hivi. Jikoni utata huo haumdhuru mtu. Maabarani soda yenyewe yaweza kuwa ile iunguzayo koo, na mtoto amelijua neno hilo kwa kinywaji tangu utotoni. Vivyo hivyo "maji ya betri". Kiswahili huita maji viowevu vingi, kama maji ya ndimu, wala hakikosei. Lakini kwa jina hilo moja huuzwa asidi ya salfa iliyozimuliwa, ambayo walimu huinunua kwa urahisi wa bei, na pia maji safi ya kuongezea betri.

Kwa hiyo kibandiko chapasa kuanza na jina la kilichomo, ASIDI YA SALFA, pasipo kutaja chupa wala maji, na kile cha kiwandani kibanduliwe chote pamoja na picha zake. Rangi ya mafuta yafaa kuliko karatasi, ambayo hubanduka kwa unyevu. Na chupa ambazo watoto wamezoea kunywea ziwekewe mchanga au chumvi. Asidi na kostiki soda zitafutiwe vyombo visivyofanana navyo.